Hivi hizi programu za bure si ndizo zinatunyima ugali sisi tunaoishi kwa kuandika programu?

#1 Fundi wa Mkolani
Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira kidogo, mnivumilie.

Natengeneza mifumo ya shule hapa Mwanza tangu 2016. Usajili, ada, matokeo, ripoti za wazazi. Shule inanilipa milioni 1 na laki 8 mwanzoni, halafu laki 3 kila mwaka za matunzo. Si utajiri, ila ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na kusomesha watoto wawili. Wiki iliyopita nimepeleka ankara ya mwaka kwenye sekondari moja niliyoihudumia miaka mitano. Mhasibu ananiambia, "Fundi, kuna kijana katuwekea mfumo wa bure, hatuhitaji tena." Nikaomba niuone. Programu huria ya nje, yaani ile ambayo mwenyewe ameachia msimbo (maandishi ya programu) yeyote autumie na kuubadilisha, imepakuliwa kama ilivyo, imebandikwa nembo ya shule juu. Dogo kachukua laki 2 na nusu, kazi ya siku mbili.

Siwezi kushindana na sifuri. Mtu yuko Ulaya ana mshahara wake, usiku anaandika programu kwa raha zake na kuigawa. Hajui kwamba huku kuna mtu anakula kwa kuuza kitu hichohicho? Mfanyabiashara akimwaga bidhaa sokoni chini ya bei tunapiga kelele, kwenye programu tunapiga makofi. Nani mwingine yamemkuta?

#2 Karanga Mbichi
Nimekaa siti ya mbele. Karanga ninazo, chumvi kila mtu aje na yake.

#3 Kariakoo Spea
Pole mkuu. Kabla sijachangia: huo mfumo wako umeuandika kwa kutumia nini?

#4 Fundi wa Mkolani
PHP na Laravel za kuandikia, MySQL ya kuhifadhi data. Seva, yaani kompyuta inayobeba mfumo, inaendeshwa na Ubuntu. Najua unakoelekea.

#5 Kariakoo Spea
Kama unajua basi taja na ulilipa shilingi ngapi kwa hivyo vinne.

#6 Karanga Mbichi
Uzi umefungwa saa moja tu baada ya kufunguliwa. Asanteni kwa kuja.

#7 Fundi wa Mkolani
Haujafungwa. Seremala ukimpa mbao bure atakushukuru. Ukisimama mlangoni kwake unagawa meza bure, hiyo ni habari nyingine. PHP na MySQL ni mbao. Mfumo wa shule ni meza. Mimi sina ugomvi na mbao.

#8 Kariakoo Spea
Aisee hiyo nimeikubali nusu. Tatizo ni kwamba meza yako ni mbao ya mwenzako. Kulikuwa na watu wanaishi kwa kuuza kompaila, ile programu inayogeuza msimbo wako kuwa kitu kompyuta inachoelewa. Turbo Pascal ya Borland ilipotoka 1983 bei yake ilikuwa karibu dola 50 na watu waliona rahisi kweli, kwa sababu nyingine zilikuwa mamia ya dola. Leo nani ananunua kompaila? Ile biashara ilikufa, na kwenye kaburi lake ndipo wewe umepanda mihogo yako. Sasa zamu imefika kwako ndiyo unaona ubaya.

#9 Mwalimu wa Zamu
Mimi si mtu wa programu, nafundisha. Huo mfumo wa nje unajua divisheni? Kidato cha nne tunachukua masomo saba bora, A pointi 1 mpaka F pointi 5, divisheni wani ni pointi 7 hadi 17. Nimewahi kuona mfumo wa kigeni unatoa wastani kwa asilimia, wazazi walikuja juu.

#10 Fundi wa Mkolani
Mwalimu, hilo ndilo nililomuuliza mhasibu. Akasema "kijana atarekebisha."

#11 Tajiri Mtarajiwa
Wabongo kwa kulalamika! Stallman aliandika Linux akaigawa bure, watu wakamcheka, juzi kawauzia IBM kwa dola bilioni 3.4. Bure inalipa kama una akili.

#12 Bundi2009
Tajiri, kwenye mistari miwili umekosea mara tatu.

Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, ni ya Linus Torvalds, aliianza 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Stallman alitangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983, ndiye baba wa leseni ya GPL ambayo Linux inaitumia, ile inayotaka ukiigawa programu uigawe na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Na IBM haikununua Linux, haiuziki. Ilinunua kampuni ya Red Hat, dili likakamilika 2019, dola bilioni 34.

Mleta mada, swali lako ni la zamani kuliko wengi waliomo humu. Februari 1976 Bill Gates, kijana wa miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta waliokuwa wakinakili BASIC, lugha ya kuandikia programu aliyoitengenezea kompyuta ya Altair. Alisema walioinunua hawafiki asilimia 10 ya wenye mashine, na ukigawa mapato kwa saa walizofanya kazi hayafiki dola 2 kwa saa. Malalamiko yako hasa, ila yeye alikuwa analia na wanaonakili bila ruhusa, si wanaogawa vya kwao.

Na upande wa pili, Stallman kwenye tangazo lake la 1985 aliliuliza hilihili: je, waandishi wa programu hawatakufa njaa? Wengi humnukuu nusunusu. Hakusema watatajirika. Alikiri kwamba kazi hiyo haitalipa kama ilivyokuwa ikilipa, ila wapo watakaoifanya na wataishi. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa anauza kanda za Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150. Programu huria, kanda ya kulipia.

#13 Karanga Mbichi
Tajiri umepunjwa bilioni 30 na ushei hapo, kachukue chenji.

#14 Tajiri Mtarajiwa
Nilikuwa napima kama mko macho.

#15 Mama Maktaba
Habari zenu. Niseme kwa upande wa mnunuzi maana humu mmejaa wauzaji.

Nimefanya kazi maktaba ya chuo miaka 19. Tulikuwa na mfumo wa kulipia kutoka nje, leseni kila mwaka kwa dola, shilingi ikishuka sisi tunalia. Tukahamia Koha. Koha ni huria, ilizaliwa New Zealand kwenye maktaba ya Horowhenua, wakaanza kuitumia Januari 2000 kwa sababu mfumo wao wa zamani ulikuwa hauwezi kuvuka mwaka ule. Jina lenyewe ni la Kimaori, maana yake zawadi, lakini ile zawadi ambayo mpokeaji naye anatarajiwa kurudisha kitu.

Sasa sikilizeni pesa ilikokwenda. Leseni tuliyoacha ilikuwa inakwenda nje yote, hata senti haibaki nchini. Koha ilipokuja tulimlipa kijana wa Kitanzania kuhamisha rekodi zaidi ya elfu 40, tukamlipa kufundisha wafanyakazi, na tunamlipa kila umeme ukikatika vibaya na seva ikagoma. Ukiniuliza mimi, programu ya bure ndiyo iliyomwajiri programa wa hapa. Ya kulipia ilikuwa inamwajiri wa kule.

#16 Fundi wa Mkolani
Mama heshima yako. Lakini wewe uliacha ya nje ya kulipia. Mimi nimeachwa mimi, wa hapahapa. Hesabu yako ingekuwaje kama ile ya kulipia ingekuwa ya huyohuyo kijana?

#17 Mama Maktaba
Hapo umenishika mwanangu. Ingekuwa tofauti.

#18 Wakili Mpole
Nimechelewa, foleni. Mleta mada, swali lako lilishafika mahakamani.

Kuna Mmarekani anaitwa Daniel Wallace aliishtaki IBM, Red Hat na Novell katika jimbo la Indiana. Hoja yake: nataka kuuza mfumo endeshi wangu, siwezi, kwa sababu Linux iko bure na leseni ya GPL inailazimisha ibaki bure, hivyo ni njama ya kupanga bei. Alishindwa, akakata rufaa, na mwaka 2006 Mahakama ya Rufaa iliyoko Chicago, Jaji Easterbrook, ikamwangusha tena.

Hoja ya jaji ni tamu. Kosa la kushusha bei kuua washindani lina hatua tatu: unashusha, unawaua, halafu unapandisha bei ili urudishe hasara yako. Kwa GPL hatua ya tatu haipo. Bei haiwezi kupanda hata ukibaki peke yako, maana yeyote anaweza kuchukua msimbo na kuugawa. Mnunuzi haumii kamwe, kwa hiyo hakuna kosa.

#19 Fundi wa Mkolani
Kwa hiyo mnunuzi analindwa, muuzaji afe.

#20 Wakili Mpole
Sheria ya ushindani haikutungwa kumlinda mshindani. Kazi yake ni kulinda ushindani. Nasema ilivyo, sisemi ni haki.

#21 Nyakahoja
Jamani haya ni mambo ya mitumba tupu. Baba yangu alikuwa fundi mitambo kiwanda cha nguo hapahapa Mwanza. Mitumba ilipofunguliwa, shati la hisani lililotoka kwa Mzungu likamshinda shati la kiwandani. Aliyetoa lile shati hakuwa na nia mbaya hata chembe. Aliona anasaidia. Fundi anachosema ni hicho, sadaka ya mtu wa mbali imekuwa bei sokoni kwako.

#22 Kariakoo Spea
Mkuu hapana. Kwanza shati la mtumba linauzwa, halitolewi bure, mtoaji na mnunuzi hawajuani, katikati kuna watu wamevimba matumbo. Pili shati moja linavaliwa na mtu mmoja. Programu nikikupa bado ninayo. Na tatu, mtumba huwezi kuufumua ukashona suti mpya ukamuuzia tena yule Mzungu. Msimbo unaweza.

#23 Nyakahoja
Nenda soko la mitumba la Memorial uone mafundi wanavyofumua. Suruali inakuwa mkoba, mkoba unakuwa kofia.

#24 Bundi2009
Kwenye mitumba angalau serikali zilijaribu. 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa polepole, Marekani ikakunja uso, nchi nyingine zikalegeza. Rwanda ikashikilia, na 2018 ikasimamishwa upande wa nguo kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa Marekani bila ushuru. Sasa niambieni, kodi ya forodha ya programu ya bure unaitoza mpaka gani?

#25 Karanga Mbichi
Mpaka wa Namanga. Unafungua leptopu, afisa anahesabu mistari.

#26 Msee wa Eldy
Sasa wadau. Mimi niko Eldoret, na OpenMRS, mfumo huria wa rekodi za wagonjwa, ni kama imezaliwa hapa kwetu. Ilianza 2004, watu wa taasisi ya Regenstrief kule Indiana pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, kwa sababu ya wagonjwa wa HIV waliokuwa wanaongezeka na mafaili ya karatasi yakashindwa kubeba. (Wakili, ni Indiana ileile ya yule mzee wako wa kesi. Kumbe huko wako kila upande.) Leo KenyaEMR inayotumika vituo vingi hapa imejengwa juu yake.

Mimi nimekula kwa OpenMRS miaka minane, nimejenga nyumba ya mama. Kwa hivyo ati programu huria inaua programa, mimi siwezi kusema. Lakini nani alikuwa ananilipa? Si hospitali. Si serikali. Ni wafadhili. Mapema 2025 Marekani iliposimamisha misaada, mkataba wangu ulikatwa kwa barua pepe ya mistari minne. Msimbo ulibaki, uko pale GitHub, ghala la msimbo mtandaoni, bure kabisa. Mshahara ndio ulienda. Nimejifunza kwamba kitu kikiwa bure kwa anayekitumia, kuna mtu mahali analipa, na huyo mtu akilala na akaamka vibaya wewe ndiye unalala njaa.

#27 Mwalimu wa Zamu
Pole sana kaka.

#28 Msee wa Eldy
Tumepoa. Siku hizi naandikia saccos, na wao hulipa. Polepole lakini hulipa.

#29 Kariakoo Spea
Ngoja niseme kitu ambacho hakuna anayetaka kukisema. Adui wa programu za kulipia Bongo hajawahi kuwa programu huria. Ni programu ya kukreki, ya kulipia iliyovunjwa kufuli ikatumiwa bila leseni. Mimi mwenyewe nilianza maisha na meza barabarani, Windows na Office elfu 10, ukiongeza antivairasi buku tano. Mteja wa Tanzania alishazoea kwamba programu ni kama hewa, unamlipa anayeipuliza.

Mnakumbuka Jambo OpenOffice? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, walifanya kazi kubwa, 2004 wakatoa programu za ofisi kwa Kiswahili, huria, bure. Mimi nikaiweka kwenye diski nikawaambia wateja. Wakaniuliza, "Ile ya Microsoft bei gani?" Elfu 10. "Niwekee hiyo." Yaani ya bure halali ilishindwa na ya bure haramu. Kwa hiyo Fundi, hata programu huria zote zikifutwa usiku wa leo, kesho asubuhi yule mhasibu atatafuta ya wizi. Hatarudi kwako na milioni 1 na laki 8.

#30 Fundi wa Mkolani
Mfumo wangu haukrekiki, uko kwenye seva yangu.

#31 Kariakoo Spea
Ndiyo umekaribia kujijibu. Unauza seva na wewe mwenyewe, sio programu.

#32 Mtoto wa Ng'ambo
Asalaam alaykum. Mie nikuelezeni upande wa huyo "anayegawa usiku kwa raha zake", maana ndiye miye, na siko Ulaya, niko Unguja.

Nina kijiprogramu kinachogeuza tarakimu kuwa maneno ya Kiswahili, kwa ajili ya hundi na risiti. Unaandika 2,530, chenyewe kinaandika elfu mbili mia tano na thelathini. Nilikiandika Ramadhani moja baina ya futari na daku, nikakiweka bure. Basi kikatumiwa. Siku moja naletewa barua pepe na mtu wa benki moja, kaiandika kwa ukali, eti kijiprogramu changu kinakosea kwenye milioni yenye sufuri katikati, nirekebishe kabla ya Ijumaa. Benki, wallahi! Nikamwambia nitumie laki mbili. Kimya. Wiki ya pili kaandika tena, "tafadhali ni dharura."

#33 Karanga Mbichi
Ulirekebisha?

#34 Mtoto wa Ng'ambo
Nilirekebisha. Lilinikera lile kosa.

#35 Karanga Mbichi
Huyu ndiye anayetuharibia soko, mkamateni.

#36 Mtoto wa Ng'ambo
Lakini sikilizeni mwisho wake. Kampuni moja ya nje iliuona msimbo wangu, ikanichukua kazi ya kufanya nikiwa nyumbani. Hawakuniuliza cheti. Kwa hivyo nimelipwa au sikulipwa? Hata miye sijui nijibu vipi.

#37 Binti Lindi
Umelipwa kwa tangazo. Ila usiwadanganye vijana, kwa kila mmoja aliyeonekana kama wewe wapo wengi hawajaonekana, na sifa hazinunui unga.

Niko Berlin, naajiriwa kuandika programu huria saa za kazi, mshahara kamili. Watu wanadhani Linux inaandikwa na wanafunzi usiku. Sehemu kubwa ya mabadiliko kwenye kiini chake yanatoka kwa watu wanaolipwa na kampuni kama Intel, Google, Red Hat, Huawei. Kampuni hizo hazina huruma. Zinashirikiana kwenye vitu ambavyo hakuna anayeuza, ili zishindane kwenye vinavyouzwa.

Wanaoumia wako kati. 2014 lilipogunduliwa tundu la Heartbleed kwenye OpenSSL, iliyokuwa inalinda sehemu kubwa ya tovuti duniani, ndipo dunia ikajua mradi ule ulikuwa unapata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka na una mtu mmoja tu wa kazi ya siku nzima. Na 2024 ile ya xz, programu huria ya kubana mafaili: mtunzaji mmoja aliyechoka, amekiri hadharani kwamba hali yake si nzuri, akajitokeza "msaidizi" mpole, akamsaidia zaidi ya miaka miwili, kumbe anatengeneza mlango wa nyuma wa kuingilia seva za watu kwa siri. Aliyegundua ni Andres Freund wa Microsoft, baada ya kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo swali si kama bure inaua wanaolipwa. Bure inaua wanaotoa bure.

#38 Fundi wa Mkolani
Basi tukubaliane inaua pande zote, tuzike pamoja.

#39 Tajiri Mtarajiwa
Safari hii nimejiandaa. Kuna utafiti wa Harvard wa 2024, wamekadiria kwamba kama kampuni zingelazimika kujiandikia zenyewe programu zote huria zinazozitumia, zingetumia dola trilioni 8.8. Trilioni! Hiyo si ilikuwa mishahara yetu sisi? Fundi ana hoja.

#40 Bundi2009
Namba ni sahihi, hongera. Umeacha ya pili ya utafiti huohuo: kuziandika upya mara moja tu, zikatumiwa na wote, ni dola bilioni 4.15. Tofauti kati ya hizo mbili ni kazi ya kurudia kilekile kila ofisi. Wewe unataka mshahara wa kuchimba kisima kimoja kila nyumba mtaa mzima.

#41 Tajiri Mtarajiwa
Mchimba visima atakataa?

#42 Wakili Mpole
Tajiri leo umeshinda hoja, sijui nijifiche wapi. Ila wengi wa hao wenye nyumba wasingechimba. Wangeendelea kuchota mtoni, yaani daftari na kalamu. Gharama iliyookolewa si lazima iwe mshahara uliopotea.

#43 Kariakoo Spea
Na mnasahau papa. Kampuni ya Elastic waliandika chombo chao cha kutafutia, huria, Amazon wakakichukua wakakiuza kama huduma. 2021 Elastic wakabadilisha leseni kwa hasira, Amazon wakachukua msimbo wa zamani wakauendeleza kivyao wakauita OpenSearch, maisha yakaendelea. 2024 Elastic hao hao wamerudisha leseni huria pembeni. Redis, hifadhidata, naye kapita njia ileile, kabadilisha leseni 2024, wengine wakaanzisha Valkey kutoka msimbo wake wa zamani, mwaka uliofuata karudi. Aliyelima na aliyevuna hawajuani.

#44 Mjukuu wa Mtandao
Nyote mnabishana na maiti. Akili mnemba inaandika mfumo wa shule kwa dakika kumi.

#45 Karanga Mbichi
Na hiyo akili mnemba imesomea wapi? Kwenye msimbo wa Mtoto wa Ng'ambo, bure. Hata ada hajalipwa.

#46 Fundi wa Mkolani
Hiyo akili fungueni uzi wake jamani.

#47 dogo_nyakato
Shikamoo wakuu. Nimejiunga leo. Nimetumiwa huu uzi na rafiki yangu. Nadhani kijana anayezungumziwa ni mimi.

#48 Karanga Mbichi
KARANGA ZIMEISHA. Kuna mtu ana bisi?

#49 dogo_nyakato
Sikujua kama mfumo wa mwanzo ni wa mtu wa hapa, niliambiwa tu "kuna wa zamani unasumbua." Nimemaliza diploma mwaka juzi, sina ajira. Kuandika mfumo mzima kama wa kaka Fundi kungenichukua mwaka, na mwaka mzima nakula nini? Programu huria ndiyo mtaji wangu. Sina mwingine. Na hiyo laki 2 na nusu mnayoisema, nimelipwa laki moja. Iliyobaki naambiwa mhasibu yuko semina.

#50 Msee wa Eldy
Mhasibu huwa semina kila nchi.

#51 Fundi wa Mkolani
Marahaba dogo. Mimi ananidai... yaani namdai mwaka wa mwisho wote. Kumbe tuko foleni moja.

#52 Wakili Mpole
Dogo, programu hiyo ni ya leseni gani, na chini ya ukurasa ulifuta jina la wenyewe?

#53 dogo_nyakato
GPL. Nilifuta kila mahali. Mwalimu mkuu alisema panaonekana kama si ya shule.

#54 Wakili Mpole
Rudisha. GPL inakuruhusu kuuza, kubadilisha, kubandika nembo ya shule, kulipwa. Kufuta alama za hakimiliki za walioandika hairuhusu. Watu wamekupa mtaji halafu unawafuta.

#55 Mtoto wa Ng'ambo
Hilo ndilo linalouma kuliko pesa, mdogo wangu. Jina.

#56 Mwalimu wa Zamu
Na divisheni je? Umesharekebisha?

#57 dogo_nyakato
Bado. Inajumlisha masomo yote badala ya saba bora. Wakihesabu yote tisa kila mtu anashuka. Mitihani ya muhula ni wiki tatu zijazo na mwalimu mkuu ameanza kunipigia simu usiku.

#58 Binti Lindi
Fundi, hapo ndipo penye pesa yako. Hiyo hesabu unayo tayari, imejaribiwa miaka mitano. Iandike kama kiongezo juu ya mfumo wa dogo, muuze pamoja.

#59 Fundi wa Mkolani
Nikiiunganisha na GPL si na yangu itabidi niiachie?

#60 Wakili Mpole
Ukimkabidhi mteja nakala, ndiyo, anastahili na msimbo wake kwa masharti yaleyale. Anaweza hata kumpa shule jirani.

#61 Fundi wa Mkolani
Mnaona! Nimezunguka uzi mzima nimerudi palepale. Hesabu niliyoisota mwaka mzima itasambaa Nyamagana yote bure.

#62 Kariakoo Spea
Itasambaa, na kila itakapofika atatafutwa mtu anayeijua. Weka namba yako ya simu juu kabisa ya faili.

#63 Mama Maktaba
Au muuzie dogo kwa siku, kama fundi mwenzake, akulipe kazi badala ya programu.

#64 dogo_nyakato
Mama, nimlipe na nini?

#65 Fundi wa Mkolani
Dogo nicheki pembeni. Sijasema bure. Tunaenda wote shuleni Jumatatu, tunadai kwanza hela za zamani, zako na zangu, ndipo tufungue leptopu.

#66 Nyakahoja
Wakuu mrejesho? Wiki mbili zimepita.

#67 Fundi wa Mkolani
Tumeenda. Saba bora inafanya kazi, jina la wenyewe limerudishwa chini. Mimi bado nasema meza ya bure inaua seremala, msije mkasema nimebadilika. Mhasibu ametuandikia hundi moja kwa majina mawili, anasema mwenye saini ya pili yuko Dodoma.

#68 Karanga Mbichi
Semina?

#69 dogo_nyakato
Semina.